Je, Wajua? Mti Kwanza, Mbegu Baadaye

Safu ya leo ni ya mimea isiyoweza kusimama yenyewe, na ya vitu tunavyoitegemeza: fito, nguzo, waya, kamba, ua, na wakati mwingine mwembe wa jirani ambaye hakuombwa ruhusa. Tunaiandikia Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua hunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei na mchwa hawajawahi kwenda likizo. Wa Buhigwe na Kakonko nao wasome. Wilaya zao zilimegwa humo humo mwaka 2012.

Je, wajua kwamba maharage ya mwanzo yote yalikuwa yakikwea? Ya porini, yanayoota mpaka leo Mexico na katika milima ya Andes, hujizungusha juu ya vichaka kutafuta jua. Haya mafupi tunayopanda bila kuwaza mti ni kazi ya wakulima wa kale wa huko, waliochagua kizazi baada ya kizazi mmea usiowasumbua. Mbegu zilivuka bahari na kufika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza safari zao za pwani, karne ya 16. Kwa hiyo mama anayesimika fito Heru Juu hakuleta jambo la kigeni shambani. Ameirudishia mbegu tabia yake ya kuzaliwa.

Je, wajua kwamba haragwe halina mikono? Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi hupoteza pesa. Mimea inayokwea haishiki kwa namna moja. Kuna inayojizungusha kwa shina lake zima: maharage ya kupanda miti, viazi vikuu, nderema. Kuna yenye vikono, vile vijiuzi vinavyojikunja: pasheni, tango, mung'unye, dodoki, zabibu, boga. Kuna inayogandia kwa vimizizi vinavyotoka kwenye shina, nayo ni vanila na pilipili manga. Na kuna inayoegemea tu, haijui kushika chochote: nyanya ndefu na boganvilia. Ukishajua mmea wako uko kundi gani, nusu ya kazi ya kuchagua egemeo imekwisha. Haragwe linataka kitu cha kusimama wima, chembamba, chenye mkwaruzo. Kikono kinataka kitu chembamba zaidi, uzi au waya au kijiti, kwa sababu hakiwezi kuzunguka nguzo nene hata ukikibembeleza. Kimizizi kinataka gome la mti hai lenye unyevu. Nyanya inataka mkono wako na kamba.

Ndiyo maana mung'unye uliopandwa chini ya nguzo nene ya mkaratusi hubaki umelala chini, na mwenye bustani akalaumu mbegu. Izungushie nguzo hiyo matawi makavu au kamba uone utakavyopanda.

Je, wajua kwamba ncha ya haragwe huzunguka hewani usiku na mchana ikitafuta pa kushika? Charles Darwin, aliyekuwa mgonjwa kitandani kwa muda mrefu, alijiliwaza kwa kukaa na mimea ya aina hii chumbani na kuhesabu mizunguko yake kwa saa. Aliandika utafiti wake mwaka 1865. Ncha ya haragwe humaliza duara moja kwa takriban saa mbili. Kama ufito uko ndani ya duara hilo, utapatikana. Kama umesimikwa mbali, ncha itaishika ncha ya jirani, na hapo utakuwa na fundo la maharage badala ya shamba. Simika ufito karibu na shimo la mbegu, sentimita kumi hivi, kabla mmea haujaanza kutambaa. Ukichelewa utakata mizizi.

Je, wajua haragwe huzunguka upande gani? Ukilitazama kutoka juu, hupanda kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Ulizungushe upande wa pili kwa mkono wako, kesho asubuhi limejifungua. Wala si haragwe peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa katika nchi kadhaa kaskazini na kusini mwa ikweta, ulikuta kwamba asilimia 92 ya mimea inayojizungusha huelekea upande huo huo mmoja. Wale wanaosema kwamba kusini mwa ikweta kila kitu huzunguka kinyume watafute mfano mwingine.

Viazi vikuu ndivyo vikaidi. Kile cha kawaida, chenye kiazi kikubwa chini ya ardhi, hujizungusha upande mmoja. Ndugu yake anayezaa viviazi vya hewani kwenye shina hujizungusha upande mwingine. Mkulima akiuziwa mbegu asiyoiamini, asubiri shina lifike kiunoni.

Na je, umewahi kutazama kikono cha pasheni kwa makini? Kimeshika waya upande mmoja na shina upande wa pili, halafu kimejikunja katikati. Nusu ya mikunjo inakwenda kulia, nusu inakwenda kushoto, na kati yake pana kipande kifupi kilichonyooka. Lazima iwe hivyo. Uzi uliofungwa ncha zote mbili hauwezi kujisokota upande mmoja tu bila kujikata. Mikunjo hiyo hufanya kazi ya springi: upepo wa Agosti ukivuma, mmea huyumba na kurudi, haukatiki.

Sasa hesabu. Je, wajua hekta moja ya maharage ya kupanda miti inahitaji fito ngapi? Ukiweka nafasi ya sentimita 50 kati ya mistari na 40 kati ya fito, kila ufito una robo pungufu ya mita ya mraba, yaani 0.2. Hekta ina mita za mraba 10,000. Jibu ni fito 50,000. Ekari moja ni zaidi ya 20,000. Bustani ya nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 10, ni fito 500, kila mmoja wenye urefu wa mita mbili au zaidi. Rudia hesabu hiyo kila baada ya msimu mmoja au miwili, kwa maana udongo wa Kasulu una mchwa wa kutosha.

Hii ndiyo sababu maharage haya, yenye mavuno mazuri kuliko mafupi, hayajajaa kila shamba. Rwanda, ambako watafiti walianza kuyaeneza kwa nguvu katikati ya miaka ya 1980 kutoka nyanda za kaskazini kwenda maeneo mengine, ilionekana kwamba yakitunzwa hutoa tani tatu hadi nne kwa hekta, wakati mafupi mara nyingi hutoa tani moja au moja na nusu. Shamba ni lile lile. Kilichoongezeka ni hewa iliyo juu yake. Kwa mwenye kipande kidogo cha ardhi hilo si jambo dogo. Lakini kila aliyefuatilia habari hizi Rwanda, Burundi na Uganda alirudi na wimbo mmoja: mbegu ipo, miti iko wapi?

Kasulu na Kibondo wimbo huo una ubeti wake. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, iliyoko Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka, na Mtendeli ya Kakonko mwaka 2016. Hii ya mwisho ilifungwa mwaka 2021. Watu wengi walikaa mahali pamoja, wakapika kwa kuni, na miombo ya karibu ikaliwa hatua kwa hatua, huku wenyeji na wageni wakigombania mzigo uleule. Wengi wa wageni hao ni wakulima waliotoka nchi ambako maharage ya kupanda miti ni chakula cha kila siku. Ufundi ulivuka mpaka pamoja nao, miti haikuvuka. Na ufito wa maharage una bahati mbaya moja: ukikauka, ni kuni nzuri sana. Usiuache shambani baada ya mavuno ukategemea kuukuta.

Kwa hiyo swali la kwanza si mbegu gani. Ni miti gani ninayo, na nitaipata tena mwakani?

Je, wajua kwamba shina la mabingobingo lililokomaa na kukauka linatosha kwa msimu mmoja? Halivutii, lakini hukatwa kwenye kingo za shamba ambako limepandwa kuzuia mmomonyoko, na mbuzi hula majani. Mabua ya mtama hufaa kwa nderema na matango, si kwa haragwe lililobeba. Mianzi ni mizuri, ila ikizikwa udongoni bila dawa haitegemewi zaidi ya misimu michache. Matawi ya mkaratusi yamenyooka na kila mtu anayo, lakini usipande mkaratusi bondeni kwa ajili ya fito. Unywaji wake wa maji utaujutia wewe na walio chini yako. Mninga usiuguse. Mchwa hawaupendi, ni kweli, ila kuukata kwa ajili ya maharage ni ufujaji, na bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa pia.

Chaguo langu, kama mwandishi wa safu ana haki ya kuwa na chaguo, ni mti unaochipua tena ukikatwa: gilirisidia, kaliandra, lusina. Panda mstari mmoja mpakani au kwenye makinga maji, uache mwaka mmoja na kitu, kisha ukate kila mwaka. Majani yake ni malisho au mbolea, kwa kuwa yote mitatu ni jamii ya mikunde. Lusina isimamiwe, la sivyo mbegu zake zitahamia kwa jirani.

Je, wajua kwamba ufito unaweza kuota? Kipande cha gilirisidia kilichosimikwa mvua za kwanza huchipua mizizi na kuwa egemeo hai lisiloliwa na mchwa. Ni raha kwa kiazi kikuu na vanila. Kwa haragwe uwe mwangalifu, kwa kuwa mti hai una kivuli na unakula mbolea; upunguze majani kila wiki chache.

Mnyaa nao huota, tena bila kuombwa, na Kigoma nzima ina nyua zake. Je, wajua utomvu wake mweupe unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa ukiingia machoni, na wakati mwingine kuharibu jicho kabisa? Usiufanye kuwa ufito wa mmea unaovunwa na watoto. Ua ubaki kuwa ua.

Kupunguza idadi ya fito kunawezekana. Simika ufito mmoja badala ya kila miwili, funga mti mwembamba wa kulala juu, kisha ning'iniza kamba mahali pa ule uliokosekana. Kamba za mgomba zinatosha: ni bure, zina mkwaruzo, zinaoza msimu ukiisha na kurudi udongoni. Kamba za gome la myombo ni imara zaidi na wafuga nyuki wa Kibondo wanazijua vizuri, ila kila utepe ni jeraha la mti. Au unganisha vichwa vya fito nne kwa kamba moja: umepata kibanda kisichoangushwa na upepo. Watoto watapenda kuingia ndani.

Mahindi kuwa egemeo? Inafanyika, kwa masharti. Mahindi yatangulie wiki mbili au tatu, yawe ya bua nene, na haragwe liwe la kukwea kwa kiasi. Ukipanda siku moja, haragwe litamfikia mwenzake akiwa bado mtoto na kumlaza. Wenyeji wa Amerika ya Kati na Kaskazini walipanda hivyo kwa karne nyingi, na boga likafunika chini.

Je, wajua kamba ya katani inayofunga pasheni ya Kasulu ina uhusiano gani na Kasulu yenyewe? Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza vitoto elfu moja kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai ni 62. Kutokana na hivyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa katani duniani. Lakini nani aukate? Serikali ya kikoloni na wenye mashamba walitafuta watu mbali, mahali pasipo na zao la biashara, ili kodi iwasukume. Buha, yaani nchi hii ya Waha, ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914. Katika miaka ya 1940 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Waha wakapakiwa kwa maelfu kwenda Tanga na Morogoro kuwa manamba. Wengine walirudi na baiskeli na shuka. Wengine hawakurudi; wajukuu wao wako Muheza na Korogwe mpaka sasa. Ukienda dukani Kasulu mjini ukanunua rola la katani, unanunua kitu ambacho babu yako huenda alikikata kwa panga.

Tuachane na historia: katani ni bora kuliko nailoni bustanini. Nailoni haiozi, na shina linaponenepa huimeza mpaka likakatika. Funga kwa umbo la nambari nane, duara moja kwenye mti, jingine kwenye mmea, njia panda katikati. Acha nafasi ya kidole.

Na chandarua? Kipya ni cha kitandani, Kigoma ina malaria ya kutosha. Kilichochakaa na kutoboka, kioshe, kikatwe, kibebe matunda mazito.

Je, wajua pasheni inakuwa nafuu ukihesabu nguzo? Nafasi ya mita tatu kati ya mistari na mbili kati ya miche inatoa karibu miche 670 kwa ekari. Weka nguzo kila baada ya mita sita: unahitaji kama 225 tu, ukilinganisha na fito zaidi ya 20,000 za maharage. Nguzo iwe na urefu wa mita 2.4, sentimita 60 zizikwe, waya upite juu kwenye mita 1.8. Nguzo za mwisho wa mstari ndizo zinazobeba mzigo wote. Zifungwe mhimili wa mshazari au jiwe la kuzikwa, la sivyo waya utalegea mwaka wa kwanza matunda yakizidi. Mpasheni huzaa miaka michache tu kabla ya kuchoka, kwa hiyo hakuna haja ya nguzo ya kudumu miaka hamsini. Inatakiwa tu idumu kuliko mpasheni. Menya gome kwenye sehemu ya kuzikwa, kwa kuwa mchwa hupitia chini yake. Juu liache, mimea inalipenda. Oili chafu ya gari, ambayo watu wengi hupaka, itazuia mchwa kwa muda, na itabaki kwenye udongo unaotoa chakula chako. Mimi nisingeipaka.

Ya zambarau au ya njano? Ya zambarau hupenda ubaridi wa nyanda za juu, na Kasulu na Kibondo, zilizoko juu ya mita 1,200, zinaifaa. Ya njano ni ya joto, ya pwani na ya kandokando ya ziwa. Lakini mizizi ya njano huhimili ugonjwa wa mnyauko, ndiyo maana Wakenya hupachika ya zambarau kwenye shina la njano. Je, wajua kwamba mpasheni wa njano hauwezi kujichavusha? Unahitaji mwenzake wa ukoo mwingine, na mbebaji. Ua lake ni kubwa mno kwa nyuki wa asali, ambaye huiba chavua na kuondoka bila kugusa panapohusika. Anayefaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao na kutisha watoto kwa mngurumo. Huyo hujenga kwenye miti mikavu. Kigogo laini kilichokauka ukikiacha pembeni mwa shamba, umempa nyumba. Asipokipata, atatoboa nguzo zako.

Je, wajua kwamba ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kupanda mimea hii kwenye ukuta unaotazama kusini haukuhusu? Huko jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Hapa hupita utosini mara mbili kwa mwaka: Kasulu mnamo wiki ya kwanza ya Oktoba na ya pili ya Machi, Kibondo siku chache tofauti. Mistari ikielekezwa kaskazini na kusini, upande mmoja hupata jua la asubuhi na mwingine la jioni. Ila shamba likiwa mlimani, na Buha yote ni vilima, fuata kontua kwanza. Mmomonyoko ni adui mkubwa kuliko kivuli.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao uangaliwe. Maharage mengi ya kukwea ya zamani yalizoea baridi, yakishushwa chini hutoa majani tu. Ndipo watafiti wakatengeneza aina za mwinuko wa kati. Kenya iliziita Kenya Safi, Kenya Tamu na Kenya Mavuno, majina yanayojiuza yenyewe. Kwetu, dai lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha mbegu, kwenye mfuko. Na ujue yanachelewa kukomaa kuliko mafupi, lakini huvunwa kwa awamu, wiki baada ya wiki, mabichi kwanza. Mabichi kwa mawese. Basi.

Mengine kwa haraka.

Nderema hukwea kamba yoyote, huchumwa majani baada ya wiki sita au nane, na huota kwa kipande cha shina. Mtu mvivu asiyetaka kupanda mchicha kila mwezi amepata dawa.

Dodoki lililoning'inia hunyooka. Lililolala chini hupinda na kuoza upande mmoja. Kibuyu hivyo hivyo: ukitaka shingo ndefu iliyonyooka ya kunywea pombe ya ndizi, kining'inize, ukitaka kata ya kuchotea maji, kilaze. Maua ya mung'unye ni meupe na hufunguka jioni, yakingoja nondo. Na DNA imeonyesha kwamba vibuyu vilifika Amerika vikielea baharini kutoka Afrika, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, bila nahodha.

Mkweme, wa Kilimanjaro na Usambara, ni wa mwenye mti mmoja mkubwa na subira. Hupanda hadi mita 30. Mti dume na mti jike ni mbalimbali, na hutajua umepanda yupi mpaka utoe maua. Tunda moja linaweza kufika kilo 15, lina mbegu zaidi ya mia zenye mafuta ambazo wanawake waliojifungua hupewa ili maziwa yatoke. Uzito wake umewahi kuua miti mingi iliyoubeba. Usiukaribishe kwenye mparachichi.

Vanila ya Kagera hukunjwa ikifika usawa wa mkono, si kwa urembo: kila ua huchavushwa kwa kijiti, nalo hufunguka asubuhi moja tu. Mbinu hiyo aliivumbua Edmond Albius mwaka 1841 kisiwani Réunion, akiwa mtumwa wa miaka 12.

Boganvilia haikwei, inakwaruza kwa miiba na kuegemea. Isipofungwa itaanguka na ukuta wa fito. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Brazil mwaka 1767 akiwa kwenye safari ya Louis-Antoine de Bougainville. Jina likaenda kwa kapteni.

Ua la manjano-machungwa lenye jicho jeusi, linalouzwa Ulaya kama pambo la kigeni la kwenye vyungu, asili yake ni Afrika Mashariki. Huku linatambaa kando ya barabara na hakuna anayelitazama.

Gloriosa, ua la moto linalokwea kwa ncha za majani yake, ni zuri na ni sumu tupu. Kiazi chake kimeua watu waliodhani ni kiazi kikuu. Usivipande karibu. Mturituri, mwenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ung'olewe kwenye ua wa nyumba yenye watoto. Mbegu moja iliyotafunwa ni hatari. Upupu hauhitaji maelezo.

Mwisho, fito baada ya mavuno. Zing'oe, zikwangue udongo, zikaushe juani, zisimamishe wima mahali pakavu pasipogusa ardhi. Wengi huzilaza darini pamoja na mahindi. Je, wajua kwamba dumuzi, yule aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anayeitwa pia Scania, kwao ni mdudu wa miti? Huishi na kuzaliana ndani ya mbao kavu, akingoja mahindi na makopa. Fito ziwe na banda lao.